Lango Lililoibwa

Mwizi aliacha televisheni, pete ya ndoa na keki nzima ya tufaha. Akabeba kompyuta kuukuu yenye rangi ya meno ya mvuta sigara.

Inspekta Ilona Takacs alikizunguka chumba cha chini. Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole hakuna.

"Mama Krumholtz, debe hilo lilikuwa na nini?"

"Debe? Hilo ndilo lango!" Velda Krumholtz alifoka. "Huku mtandao wa wazi, watu wanajadili bure. Kule huduma ya kulipia. Ujumbe wa pande zote unavukia hapa kwangu. Mji mzima wa Toledo hauna lingine."

"Nunua jingine basi."

"Kuna ujumbe umekwama ndani! Niliuona jana ukiingia, nikasema nitauvusha asubuhi. Mama mmoja wa upande wa kulipia amefungia maharage mabichi kwenye chupa, yakae miezi, kwa kuchemsha tu, bila presha kuka. Anauliza kama yanafaa. Kesho Jumapili anawalisha wajukuu."

"Hayafai?"

"Yanaweza kuua! Bila presha, sumu huota humo chupani. Na kule watu hawana majina, wana namba. Yake siikumbuki. Kampuni yenyewe wikendi haipokei simu."

Takacs aliacha kutabasamu. "Nani analichukia lango?"

"Nusu ya mtandao. Wanasema nimewaletea washamba."

Washukiwa nusu ya mtandao! Takacs akawa haketi, hasimami, anatafuna kalamu. Velda akawasha kompyuta yake ya pili, akaingia ukumbi wa mapishi wa mtandao wa wazi. Akapiga ukelele.

Palikuwa na ujumbe mpya wa Orrin Stambaugh, bingwa wa kukosoa wenzake. Kwa desturi ya ukumbi huo, alinakili kwanza maneno anayoyajibu: "Nimechemsha maharage saa nzima, wajukuu wayale?" Chini yake: "ANAYEMJUA MAMA HUYU AMWAMBIE AYATUPE! YOTE! ASIONJE HATA MOJA!"

"Swali hilo lilivuka?" Takacs aliuliza.

"Halikuvuka. Limo ndani ya kompyuta iliyoibwa."

"Basi Bwana Orrin amelisomea wapi?"

Orrin, aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwa Velda, alifungua mlango kabla hawajagonga. Kompyuta ilikuwa mezani, jikoni.

"Uliingiaje kwa Velda?"

"Ufunguo huwa chini ya chungu cha maua. Nani asiyejua?"

"Kwa nini?"

"Kwetu mgeni husoma kwanza, ndipo aulize. Lango likafunguliwa, wakamiminika! Swali lilelile kila siku! Nilitaka wiki moja ya kimya, Inspekta. Nikaiwasha nione nimewazuia wangapi, nikakutana na maharage."

"Ulijua ukijibu umejikamatisha."

"Nilijua. Kusoma niliweza, lakini kuvusha jibu kunataka nywila ya Velda, nami sina. Ningeacha watoto wayale maharage hayo?"

Kompyuta ikarudishwa. Velda akaandika nywila, jibu la Orrin likavuka. Wakangoja. Orrin, pingu mikononi, aligoma kwenda kituoni, na Takacs hakumharakisha. Keki iliisha bila mtu kusikia utamu wake.

Hatimaye kioo kikaonyesha: "Nimeyatupa yote. Asante, ingawa unafoka. Je, kuku niliyemfungia vilevile?"

Orrin alifumba macho. "Inspekta, nakuomba, nifungulie mkono mmoja tu."