Kitambaa Hakikulegea

Vuteni viti, wazazi wenzangu, na ninyi vijana msikimbie. Nawaletea habari ya nyumba moja iliyokuwa na raha zake. Cherehani ililia sebuleni tangu asubuhi. Baba, mpaka rangi wa majumba, alikuwa uani akikoroga makopo yake. Na binti yao wa miaka kumi na sita, waliyemwita Kifungo, alikuwa amesimama juu ya kigoda, mama yake mshonaji akimzunguka na pini mdomoni. Magauni ya maonyesho yote alivalishwa Kifungo, wateja wayaone.

"Simama wima, mwanangu."

"Mama, utameza pini!"

"Nikimeza nitakohoa vifungo."

Wakacheka. Lakini gauni lilipwaya, na wiki iliyopita lilimkaa sawasawa. Mama akabana, akashona. Wiki iliyofuata likapwaya tena.

"Kitambaa hiki kinalegea," mama alifoka. "Yule muuza vitambaa ameniuzia nyavu!"

Wateja nao walisifu: "Kiuno kama cha nyigu!" Mama akajisikia fahari. Hakuwa mama mbaya, msimhukumu. Macho yake yalikuwa kwenye mshono tu. Mezani Kifungo alisema, "Nimeshakula shuleni," na mama, mwenye gauni la mtu la kumaliza, aliamini.

Siku moja alilibeba lile gauni hadi dukani, akalitupa juu ya meza.

"Pima mwenyewe! Kimelegea!"

Muuza vitambaa akapima polepole, akapima tena. "Upana ni uleule niliokukatia, shemeji. Kitambaa hakikulegea. Gauni la nani?"

"La Kifungo."

Akavua miwani. "Yule niliyemwona jana akitembea huku ameshika ukuta?"

Mama akaliacha gauni palepale mezani. Alirudi nyumbani mbiombio, akamkuta Kifungo amelala na sweta mbili, jua la saa sita likiwaka. Akampitisha mkono mgongoni. Mifupa aliihesabu juu ya sweta. Siku hiyohiyo wakampeleka hospitali. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, akalazwa. Mama alikaa kando ya kitanda akiomba jambo moja tu: mtoto asimfie.

Kifungo alipopata nguvu kidogo, akaja daktari anayetafiti ubongo na magonjwa ya kula.

"Mwambie ale tu, daktari," mama alisihi. "Nimempikia mpaka sufuria zimechoka."

Kifungo akalia. "Nataka, mama. Lakini nikishika kijiko, naogopa kama nimeshika nyoka. Nisipokula ndipo natulia."

Tegueni hiki, wasikilizaji wangu: nina bwana mkubwa asiye na mikono, anakaa chumba cha mfupa kisicho na dirisha, akiamuru, tumbo linanyamaza. Mmeshindwa? Ni ubongo!

"Hayo ndiyo tunayoyatafiti," daktari alisema. "Mgonjwa hulala ndani ya mashine, tunamwonyesha picha za chakula, tunatazama ubongo unavyofanya kazi. Hatujajua yote. Ila kwa wengine tunaona hofu pale tulipotarajia hamu. Na njaa ikidumu, ubongo unazidi kukwama. Si maringo, mama, wala si ukaidi."

"Tumtibuje?"

"Chakula kwa saa zake, mazungumzo na mtaalamu, na mtu wa kukaa naye hofu ikija. Na maneno kuhusu mwili wake yakome."

"Hata ya kusifu?"

"Hasa ya kusifu."

Mama akainamisha kichwa. Kifungo akafuta machozi, akasema, "Nikipata nguvu niingizeni kwenye hiyo mashine. Labda kuna mwenzangu atapona mapema."

Hospitali ilipoturudishia mtoto wetu, maana mtoto wa jirani ni wetu sote, cherehani ilizimwa kila saa ya kula. Baba alikaa mezani na rangi viwikoni, akisimulia vituko vya mafundi. Kuna siku yai moja lilichukua saa nzima. Kuna siku kijiko kilirushwa ukutani. Mama aliokota kijiko, akakiosha, akasema, "Nipo. Hofu itapita."

Mwezi wa sita tangu atoke hospitali, akaja mteja mmoja tuliyemwita Mama Mikufu, kwa wingi wa dhahabu shingoni. Alitaka magauni kumi na mawili ya harusi ya bintiye. Akamwona Kifungo mezani.

"We Kifungo! Kile kiuno kimekwenda wapi? Acha mkate, mwanangu, unajazia!"

Mkono wa Kifungo ukasimama hewani. Mama aliuona. Akazima cherehani.

"Dada, maneno hayo humu ndani hayaingii. Magauni nitakushonea. Lakini ukiyarudia, mlango ule pale."

"Nilikuwa natania tu!"

"Mtanie mume wangu, amezoea."

"Jamani, mimi nimekosa nini?" Baba alilalamika kutoka uani.

Mama Mikufu akanuna, akakusanya mikufu yake, akaondoka na oda yake ya magauni kumi na mawili. Mama hakumfuata. Alivuta kiti, akakaa karibu na mwanawe. Kifungo akautazama mkate, akamtazama mama, kisha akapaza sauti:

"Baba! Ukija, njoo na siagi."

FUNZO

Wapendwa, asiyekula huenda ni mgonjwa, na hata anayekula kupita kiasi huenda hajiwezi. Ugonjwa huo unakaa kichwani, na kelele zetu hauzisikii. Tusiwape watoto majina ya unene wala sifa za wembamba. Tuwatazame nyuso, tukae nao mezani, na tukiona mabadiliko tuwapeleke hospitali mapema. Mama huyu alichelewa, nusura asiwahi. Wewe usisubiri kuambiwa na muuza vitambaa.