Wariara Anauza Jua

Wariara alikuwa akiangalia mawingu kabla hata ya kuwasha moto wa chai. Huko Rongai, kaunti ya Nakuru, Novemba ikishaingia, kila mtu hufanya hivyo. Mahindi yamevunwa, hayajakauka, na mvua haina adabu. Watu huyaanika kwenye maturubai kando ya barabara. Tone la kwanza likianguka, ni mbio, na mara nyingi mvua ndiyo hushinda.

Mwaka uliotangulia Wariara alichoshwa na mbio hizo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyobaki baada ya nyanya za mumewe, Kabiru, kufa kwa baridi. Akaisimamishia miti, akatengeneza vitanda vya waya ndani, akaacha matundu juu ya kutolea unyevu. Watu walimcheka sana. Kumbe mle ndani mlikuwa na joto zuri, na hata mvua ikinyesha mahindi hayakulowa. Kicheko kikaisha, foleni ikaanza.

Aliomba kila mwenye gunia alipe kidogo. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Baba mkwe wake, Mzee Gathogo, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwambia mbele ya wageni, akimwita kwa jina la bintiye, "Mama Lynn, jua ni la Mungu. Sasa wewe unawauzia majirani jua?"

Wariara aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jumapili alihisi kanisa zima linamwangalia yeye. Basi akaacha kulipisha, akidhani amepata amani.

Amani gani! Kwa kuwa ni bure, kila mtu alijaza kupita kiasi. Mahindi yalirundikwa mpaka magotini na hakuna aliyeyageuza. Mti mmoja ukavunjika, upepo ukapasua nailoni, na Wariara hakuwa na kitu cha kununulia nyingine. Aliishona kwa sindano ya magunia, roho juu juu. Mle ndani mlikuwa pia na mahindi ya Mzee Gathogo, chakula cha familia nzima mpaka mavuno mengine. Mawingu nayo yalikuwa yakijikusanya upande wa Molo.

Asubuhi hiyo, akiwa bado anashona, alifika Kuluthum, mama wa Nakuru mjini anayenunua mahindi huku kila msimu. Alitia mkono katikati ya rundo la Mzee Gathogo, mzee mwenyewe akiangalia. Punje zilikuwa na joto, na zilinuka uvundo. Zilikuwa zimeota unga wa kijani.

"Haya siwezi kununua, mzee," alisema polepole. "Na tafadhali msiyale. Hii kuvu ina sumu, inaitwa sumukuvu. Inaharibu ini. Ukiosha haitoki, ukipika haitoki."

Mzee akauliza kama anaweza kuwapa ng'ombe. Kuluthum akakataa, akaeleza kwamba sumu ile huingia mpaka kwenye maziwa. Mzee akaketi juu ya gunia. Yaliyosalia mazima yalikuwa magunia ya mzee na ya Wariara yaliyoletwa jana tu. Hayo hayakuwa yameshikwa na kuvu, lakini yalikuwa mabichi. Yalihitaji kutandazwa leo leo, na nailoni ilikuwa imechanika.

Kuluthum akamuuliza Wariara kwa nini aliacha kazi nzuri iharibike hivi. Wariara akaangalia chini, kisha akaeleza yote, baba mkwe akisikia.

"Hukuuza jua, Mama Lynn," Kuluthum alisema. "Jua liko hata barabarani, na mahindi yanaoza huko. Uliuza akili yako na mgongo wako. Mtu akitajirika kwa kumnyang'anya mwenzake, hiyo ni dhambi. Lakini mtu akikuletea mahindi yanayokaribia kuoza, akaondoka na mahindi ya kuuza, nani ameibiwa?"

Akaendelea kueleza kwamba malipo ndiyo yangenunua nailoni mpya na kumlipa mtu wa kugeuza mahindi.

Wariara akaweka sindano chini. Alijua asiposema leo, hatasema tena.

"Baba," alisema, "kuanzia leo nitalipisha. Hata wewe."

Mzee Gathogo alisimama. Alichukua kofia yake, akaondoka. Wariara akaona sasa amevunja boma la familia. Alifanya kazi akiangalia lango, kisha mawingu, kisha lango tena. Matone yalipoanza kuanguka, bodaboda ikasimama nje. Mzee akashuka na karatasi mpya ya nailoni begani.

"Hii uihesabu kwa malipo yangu," alisema, bila kumtazama.

Waliifunga huku mvua ikiwapiga. Mahindi mabovu waliyazika shimoni. Yale mazima waliyatandaza tabaka jembamba, wakawa wanayageuza kila mara. Kuluthum aliporudi baada ya siku kadhaa, kipimo chake kilionyesha unyevu chini ya asilimia kumi na tatu na nusu, ambapo mahindi huhifadhika vizuri. Akanunua ya Wariara kwa bei nzuri. Ya mzee yakaingia ghalani.

Leo Wariara ana vibanda viwili, na jirani yake Awuor analipwa kugeuza mahindi. Majirani wawili wamejenga vyao, na Wariara mwenyewe aliwaonyesha namna.

Juzi baada ya ibada mtu mmoja alimtania Mzee Gathogo, akamuuliza kama mke wa mwanawe bado anauza jua.

"Jua ni la bure," mzee akamjibu. "Nenda ukaanike barabarani."