Kinyozi Aliyetaka Kumaliza Mazoezi

Katika mtaa wetu hakuna mwanamke mwenye nguvu kama mimi. Ndoo ya lita ishirini naiinua kwa mkono mmoja. Ikiwa na maji ndani, hapo namwita mkamwana wangu.

Nguvu hizo nimemrithisha mwanangu. Yeye ni kinyozi. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu. Kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na benchi la wanaongoja zamu. Wengi wanaokaa kwenye benchi hawaji kunyolewa. Wanakuja kusema watu. Mimi pia hukaa hapo, lakini sisemi mtu. Nasikiliza tu.

Mwanangu anasifika kwa wembe. Mashine ya kunyolea kila mtu anaweza kuishika. Lakini kuzungusha wembe kwenye koo la mtu bila kumwachia alama ni kazi ya mkono uliotulia. Nyumba yetu nzima inakula kwa mkono ule.

Mteja wake mkubwa ni mzee mmoja mstaafu. Tunamwita Mzee Tai, kwa sababu hata akitumwa chumvi dukani, huvaa tai kwanza. Kila Ijumaa alikuja kunyolewa ndevu.

Siku moja mwanangu aliumwa kichwa tangu asubuhi. Mkewe akamburuta hadi zahanati. Nesi akampima presha, akakuta iko juu. Akampa dawa. Akamwambia apunguze chumvi na afanye mazoezi. Alitaka kumweleza afanye kwa kiasi gani, lakini mwanangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti, kanyolewa upande mmoja.

Baba yake aliondoka duniani kwa presha. Hilo silifanyii mzaha. Mwanangu aliogopa, na mtu mwenye hofu hufanya mambo kwa pupa.

Kesho yake alfajiri alikwenda jimu, pale kona. Jioni akarudi tena. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Alinyanyua vyuma mpaka jasho likalowesha viatu. Hakupumzika hata siku moja.

"Mume wangu," mkamwana akamwuliza, "hiyo jimu wamekuajiri?"

"Nataka nimalize."

"Umalize nini?"

"Mazoezi. Kazi yangu mimi ni ya kumaliza. Mtu akiingia na nywele, anatoka hana. Nitapiga vyuma mwezi mmoja, presha itashuka, basi. Nimemaliza."

"Huyo ndiye mwanangu," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Mtu hachagui lini atasema maneno ya kijinga.

Wiki ya pili hakuweza kuinua mikono. Mkewe alimvua shati kama mtoto mchanga. Usiku hakulala vizuri. Mchana alikuwa mkali kwa kila mtu. Akishika kikombe, chai ilicheza ndani yake.

"Mwanangu, mbona mkono unatetemeka?"

"Hautetemeki, Mama. Ni kikombe."

Ijumaa ikafika. Mzee Tai akakaa kwenye kiti, akalaza kichwa nyuma, akafumba macho. Mwanangu akampaka povu. Akashika wembe. Niliuona ule mkono ukitikisika, nikataka kusema, lakini nilichelewa. Wembe ukaruka chini ya sikio.

Kidonda kilikuwa kidogo, kama mahali alipouma mbu. Lakini tone la damu likaangukia tai.

Mzee Tai akafumbua macho. Akaitazama tai yake.

"Kijana," akasema polepole, "nilikuja kunyolewa. Sikuja kuchinjwa."

Akainuka. Akatoka barabarani na povu kwenye shavu moja. Kila aliyemwona alimwuliza kulikoni, naye alimjibu kila aliyeuliza. Kabla ya jioni benchi lilikuwa limebaki na mimi peke yangu. Nikakosa hata wa kumsikiliza.

Mwanangu akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaunyoosha mkono wake mbele ya kioo. Ulikuwa ukitetemeka bado.

"Mama," akasema, "nikiacha mazoezi, nitaondoka kama baba. Nikiendelea, nitachinja watu. Nifanye nini?"

 Mkamwana hakungoja jibu langu. Alivuka ua, akagonga mlango wa jirani yetu. Jirani huyo ni mwanamke anayefundisha mazoezi pale pale jimu. Sote tunamwita Kocha. Akaja na kandambili miguuni.

"Siku ya kwanza nilikwambia unisubiri nikupangie," Kocha akamwambia mwanangu. "Ukaniambia wewe si mtoto."

Mwanangu akatazama sakafu.

"Unapiga vyuma mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka miguu ikatae."

"Mkojo wako umebadilika rangi?"

"Hapana."

"Afadhali. Ungekuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, nisingekaa hapa kuzungumza. Ningekupeleka hospitali sasa hivi." Kocha akavuta benchi, akakaa. "Hebu niambie. Umemnyoa mtu leo, kichwa kimebaki kinang'aa. Kesho akirudi, utamnyoa?"

"Nitanyoa nini? Lazima zikue kwanza."

"Na akilazimisha?"

"Ngozi itawaka. Atatoka vipele kichwa kizima."

"Ndivyo unavyoufanyia mwili wako. Ukinyanyua chuma, misuli inachanika kidogo kidogo kwa ndani. Si vibaya. Ukipumzika na kulala, mwili unaijenga upya, nayo inakuwa imara kuliko jana. Nguvu zinakuja wakati umelala, ndugu yangu. Wewe unabomoa asubuhi, unabomoa jioni. Utajenga saa ngapi?"

 Nilimwona mwanangu akiutazama mkono wake kama mtu anayetazama mteja mwenye vipele.

"Basi nije mara moja kwa mwezi," akasema.

"Mteja akikaa miezi bila kunyolewa, anakujaje?"

"Anakuja msitu."

"Basi na wewe usiniletee msitu."

Hapo mkamwana akacheka. Kocha akaendelea, taratibu, ili sote tushike.

"Wiki hii usiguse chuma. Rudi kwa nesi, mwambie yote, naye aseme kama uko tayari. Akikubali, njoo siku tatu kwa wiki. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Katikati kuna siku ya mwili kujijenga. Dakika kumi za kwanza ni za kupasha mwili moto. Ukijumlisha yote, isizidi saa nzima."

"Saa nzima tu?"

"Tena wengine hukaa saa tatu, mbili kati ya hizo wanajitazama kwenye kioo. Na chuma kizito acha. Chukua kile unachoweza kunyanyua mara kumi bila kukunja uso. Unaponyanyua, toa pumzi. Ukiibana, presha inapanda. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha papo hapo, utafute daktari."

"Na hiyo presha yenyewe?"

"Hiyo inapenda kutembea. Tembea haraka nusu saa, siku tano za wiki. Kasi yako iwe hivi: uweze kuongea, lakini usiweze kuimba."

"Kuimba hawezi hata akiwa amekaa," mkamwana akasema.

"Utatembea naye wewe umpime. Na dawa asiache mpaka aambiwe na nesi."

Mwanangu akajikuna kidevu. Niliona bado kuna kitu kinamkera.

"Sasa haya yote nitamaliza lini?"

"Nywele za mtu zinaacha kuota lini?"

"Akifa."

"Umejijibu."

Mwanangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nami nilidhani mkutano umekwisha, nikaanza kujisogeza. Kocha akanigeukia.

"Na wewe, Mama. Inuka hapo ulipo bila kushika kitu."

Nilijaribu. Benchi halikuniachia.

"Watu wa umri wako ndio wanaohitaji zaidi," akasema. "Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Kukaa na kusimama, vyuma vyepesi, na kujifunza kusimama bila kuyumba. Miguu inapata nguvu, huanguki ovyo."

"Umri wangu na jimu, wapi na wapi. Watu watanicheka."

"Nani atakucheka?"

"Watu kama mimi," nikamjibu. Akaniacha.

Mwanangu alipumzika wiki ile. Ilimwuma kuliko vyuma. Nesi alimpima, akamsikiliza, akampa ruhusa. Kisha akaanza upya kwa mpango wa Kocha. Jioni alitembea na mkewe. Walipita barabara ya soko, wakizunguka na kurudi, mkewe akimwuliza maswali ili ajue kama pumzi inamtosha. Mambo mengi ya ndoa yao yalijadiliwa kwa mwendo huo.

Mimi sikuandamana nao. Nilikuwa na shughuli zangu. Jumanne na Ijumaa jioni nilikwenda kumwangalia rafiki yangu anayeumwa mguu.

Kila asubuhi mkamwana alijaza kikombe cha chai mpaka pomoni, akampa mumewe akibebe kutoka jikoni hadi kwenye kiti cha kunyolea. Siku za mwanzo sakafu ilikunywa zaidi yake. Kisha yakawa matone. Asubuhi moja kikombe kikafika kimejaa.  Mkamwana alichukua tu kitambaa alichokuwa amekiandaa, akakirudisha msumarini.

Miezi ilipopita, nesi alimpima tena. Presha ilikuwa imeshuka. "Endelea hivyo hivyo na dawa endelea nayo," akamwambia. Safari hii mwanangu alikaa akamsikiliza mpaka mwisho.

Wateja wakarudi. Kwanza walikuja wa mashine, maana mashine haichinji. Kisha wakaja wa wembe, mmoja mmoja. Benchi likajaa, nami nikapata tena wa kuwasikiliza. Lakini Mzee Tai hakuja, na mwanangu alikuwa akitazama mlango kila Ijumaa.

Ijumaa moja jioni bomba la pale ndani lilikuwa kavu. Niliteka maji uani, nikayaleta kwa ndoo. Nilipoingia nilimkuta Mzee Tai amesimama ndani ya mlango, na tai mpya shingoni.

"Hodi," akasema, kana kwamba hakuwa ameshaingia.

"Karibu, mzee," mwanangu akamjibu. "Kiti ni chako."

Mzee Tai alikaa. Safari hii hakufumba macho. Mwanangu akampaka povu, akanoa wembe, akavuta pumzi, akaitoa. Wembe ukashuka shavuni. Ukapita chini ya kidevu. Ukazunguka sikio, mahali pale pale pa siku ile. Benchi zima halikukohoa.

Mkono ulikuwa umetulia kama picha ukutani.

Mzee Tai akajipapasa shingo. Akatazama vidole. Vilikuwa vikavu.

"Sikuwa nimekasirika, kijana," akasema. "Nilisafiri. Nilikuwa kwa binti yangu muda wote huu."

"Pole na safari, mzee." Mwanangu akamzungusha kwenye kiti ili amsafishe kisogo. Akasimama. Akapitisha kidole kwenye mstari wa nywele. "Na huko kwa binti yako, nani alikunyoa?"

"Nani aninyoe? Nilikaa hivyo hivyo."

"Mstari huu una siku tatu. Na umepinda kushoto. Namjua kinyozi mmoja tu anayepindisha kushoto."

Watu wa benchi wakaanza kutazamana. Mzee Tai akakohoa, akatafuta pa kupeleka macho, akayaleta kwangu. Nilikuwa bado nimeshika ndoo.

"Bi Mkubwa," akasema, "hiyo ndoo ina maji?"

Mwanangu naye akageuka. "Mama, umeibeba mwenyewe? Kwa mkono mmoja?"

"Ni nusu tu," nikasema. "Tangu zamani mimi nina nguvu."

"Nguvu za zamani gani," Mzee Tai akasema. Alifurahi mno kupata habari nyingine. "Mwulizeni Jumanne alikuwa wapi. Nimemwona jimu, ameshika vyuma viwili vidogo, anakaa na kusimama, Kocha anamhesabia."

"Umenifananisha," nikamjibu. "Jumanne nilikuwa kwa rafiki yangu anayeumwa mguu. Na leo ndiko ninakokwenda."

"Nikufananishe vipi? Dirisha la jimu linatazamana na kiti cha yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mtu akikaa pale anaona kila ki..."

Akajiziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Kiti cha nani, mzee?" mwanangu akauliza.

Benchi likapasuka kwa kicheko. Nami nilicheka kuliko wote, maana mtu aliyekamatwa alikuwa yeye, si mimi. Nilicheka mpaka nikaona kwamba mwanangu hamtazami Mzee Tai tena. Alikuwa anatazama miguu yangu.

Nikatazama chini. Nilikuwa nimeshavaa raba.