Mkate wa Kurudi

Kipande cha mkate kilikuwa na alama mbili za meno, na Fanur alikuwa amekiuma mara moja tu.

Alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alama ya kwanza ilikuwa yake, imeshakauka, yenye pengo la jino alilovunja enzi za ulevi. Ya pili ilikuwa mbichi, bado ina unyevu wa mate, na ilikuwa na pengo lilelile. Akadhani wenzake wa trela, kile kibanda cha magurudumu walicholala, wamemfanyia utani. Akawatukana, nao wakamtukana, kisha wote wakaenda zamu.

Kwao Bashkiria, nchini Urusi, mtu akisafiri mbali mkewe humpa mkate auume mara moja, na kinachobaki kinatundikwa kwenye msumari karibu na mlango kumsubiri. Akirudi anakimaliza mwenyewe, na hapo ndipo huhesabiwa kuwa amerudi. Safari hii Fanur aliuma vizuri mbele ya mkewe Zilya. Zilya alipogeuka kumfunga mtoto viatu, Fanur akakichomoa kile kipande msumarini na kukitia mfukoni. Alisafiri nacho kwa treni, kisha kwa helikopta, mpaka kwenye mtambo wa mafuta kule Siberia ya kaskazini, akakiweka ndani ya kopo la biskuti kwenye rafu juu ya kitanda chake.

Tusimcheke haraka. Huyu ni mtu ambaye kijijini kwao alikuwa akiokotwa mitaroni, na mbuzi walimpita bila kumwogopa. Ni kaka Zinnur, mkuu wa zamu, aliyemchukua kaskazini na kumpa lile koleo kubwa la kufungulia mabomba. Siku ya kwanza Fanur alitapika kwa uchovu. Baada ya muda akagundua kwamba bomba likipanda kutoka ardhini, tope likimwagika, chuma kikinguruma, kuna mahali pamoja jukwaani, chini ya mnara wa kuchimbia, ambapo asiposimama yeye, kazi yote inasimama. Hakuwahi kuwa na mahali pa namna hiyo. Nyumbani aliogopa chupa. Kaskazini hakuogopa kitu. Kwa hiyo alitaka kurudi kwake kuwe huko, siyo kwa Zilya, na hilo ndilo kosa lake lote.

Simu kule ilishika mtandao juu ya paa la trela ya jenereta tu. Fanur alipanda ngazi, mbu wakamvamia, jua likiwa palepale pembeni mwa mbingu, maana kiangazi cha kule jua halizami. Zilya alipokea akicheka.

“Wewe baba Ilnara, mbona hukusema unakuja?”

“Nije wapi?”

“Usinizuge. Si nimekuona asubuhi darajani? Umesimama na kofia yako ya kazi. Nimekupungia mkono, ukaganda tu kama mgeni.”

“Zilya, mimi niko kazini.”

Kicheko kikakatika. “Basi nimemfananisha,” alisema, lakini sauti yake haikuamini.

Aliporudi ndani, trela nzima ilinukia mkate unaotoka tanurini. Hakukuwa na tanuri. Ndani ya kopo, kipande kilikuwa na alama ya tatu.

Fanur alipopiga tena, Zilya hakucheka. Alinong'ona, na Fanur akajikuta naye ananong'ona, ijapokuwa alikuwa peke yake juu ya paa.

“Yuko getini. Kakaa kwenye benchi letu, kanipa mgongo. Shati ni lile la bluu, nililolishona kwapani mimi mwenyewe.”

“Mbwa?”

“Mbwa kaingia chini ya ghala, hataki kutoka. Baba Ilnara, ni nani yule?”

“Usimfungulie. Umesikia? Hata akiita kwa sauti yangu, usimfungulie.”

Fanur hakuwa mjinga. Mkate ukiliwa huku, yule anasogea kule: darajani, getini. Akatafuta waya, akalifunga lile kopo mara nyingi, akalivaa kifuani chini ya ovaroli, akapanda nalo jukwaani. Na hapo, katikati ya mngurumo unaowafanya wanaume wazungumze kwa mikono tu, huku pampu zikipiga na mnyororo ukilia na mnara mzima ukitetemeka juu ya vichwa vyao, mahali ambapo mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe, Fanur alisikia kitu kikitafuna, polepole, kwa adabu, kikimeza na kupumua na kutafuna tena, karibu kabisa na moyo wake, na kopo likawa linapata joto, na alipotazama chini ili aone kama waya umekatika, waya ulikuwa mzima, na koleo lilikuwa limeshamponyoka.

Lilipita mbele ya uso wa Zinnur likagonga nguzo. Zinnur alisimamisha kila kitu, akamvuta Fanur kwa ukosi mpaka chini.

“Unataka kuniua, mdogo wangu? Umeanza tena kunywa?”

“Sijanywa, kaka. Naapa.”

“Hebu pumua.” Zinnur akamnusa mdomo. Akakunja uso. “Unanuka mkate. Nenda kwa Rauza akupe chai, na usirudi hapa mpaka akili ikurudie.”

Rauza alikuwa mpishi wa kambi, Mtatari mnene mwenye ulimi wa pilipili. Mama yake alikuwa akiwatibu walioshtuliwa na majini, na wafanyakazi walilijua hilo ingawa mchana walijifanya hawaamini. Alimtazama Fanur, akazima jiko moja.

“Kaa. Uso wako kama maandazi yaliyokosa hamira. Toa hicho ulichoficha.”

Fanur alieleza yote. Rauza alichukua vipande vya risasi vya kuzamishia ndoano za samaki, akaviyeyusha ndani ya upawa, akamfunika Fanur kwa kitambaa cha meza, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake na kusoma kimoyomoyo. Kisha akamimina. Risasi ililia ndani ya maji. Kwa aliyeshtuka, risasi hujikunja ikatoa umbo la kilichomshtua. Hii ilitandaa bapa, laini, bila umbo lolote.

“Haya, nini maana yake, dada Rauza?” Fanur aliuliza kutoka chini ya kitambaa.

“Maana yake nimemimina kwenye nyumba tupu. Roho yako haimo. Imo kwenye mkate.” Aliketi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. “Nyika ya huku haina mlango hata mmoja, Fanur. Wanaoishi ndani yake wanazunguka tangu dunia iumbwe hawajui pa kuingilia. Wewe ukaja na mlango wako ukauweka juu ya rafu. Atakayemaliza mkate ndiye aliyerudi kwa mkeo. Yeye, au wewe.”

“Basi naula sasa hivi!”

“Kula. Lakini jua unachokula. Ukiumaliza umerudi nyumbani. Huku hutakuwa na mahali tena.”

Naona aibu kusema, lakini Fanur hakuula. Alitazama dirishani, akaona mnara, akaona wenzake wakihangaika na mabomba bila yeye, akafikiri labda ipo njia nyingine, labda auzike, labda autupe mtoni, labda asubiri kidogo. Alisubiri muda wa kikombe kimoja cha chai. Kopo likatafuna juu ya meza mbele yao wote wawili, na Rauza akanyakua upawa.

Simu ilikuwa mfukoni bila mtandao. Fanur alikimbia na kopo lake, Rauza nyuma yake na upawa mkononi, akapanda paa la jenereta. Kabla hajabonyeza, simu ikalia yenyewe.

“Yuko barazani,” Zilya alinong'ona. Alikuwa analia bila kutoa sauti. “Anagonga. Anasema, mke wangu fungua, nimerudi. Ni sauti yako, baba Ilnara, hata kile kikohozi chako. Mtoto anataka kufungua, nimemshika, ananiuma, ananiambia baba yuko nje kwa nini humfungulii baba...”

Na kweli Fanur alisikia, ndani ya simu, nyuma ya kilio cha mkewe, sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole, “Ilnara, vuta komeo, binti yangu, nina njaa,” kisha akasikia komeo likikwaruza, na mtoto akicheka, na Rauza chini ya ngazi akipiga kelele kula, kula mwana kulaaniwa, naye akaukata waya kwa meno, akakuta ndani kimebaki kipande kisichozidi kidole gumba, cha moto, kinatetemeka kana kwamba kuna kinywa upande wa pili kinakivuta, akakitia mdomoni chote, akatafuna huku ufizi ukitoka damu, akameza.

Sauti ile ikakatika.

“Zilya?”

“Mlango uko wazi,” alisema Zilya. “Hakuna mtu.”

Fanur alipanda helikopta iliyofuata. Zinnur hakumpa mkono. “Unaniacha katikati ya kuchimba kisima,” alisema, “usinitafute tena maishani mwako.” Fanur alilia njia nzima kama mtoto, na sioni haja ya kumfichia.

Nyumbani hakunywa. Alilima viazi, akatengeneza ghala. Watu wa kijiji walimsifu mbele ya Zilya, na Fanur akawaitikia, lakini mikono yake haikujua ipumzike wapi. Siku moja wakiwa shambani simu ya Zilya ililia. Alikuwa Zinnur. Zilya akaweka sauti kubwa ili mumewe asikie.

“Shemeji! Nakupigia kukutoa wasiwasi. Mumeo nilimtukana sana siku ile, lakini jioni yake nikamkuta jukwaani kashika koleo. Kumbe helikopta ilimwacha! Sasa shemeji, sijawahi kuona mtu anachapa kazi namna hii. Halali, hali, mbu hawamgusi. Zamu ikiisha nitakurudishia mume wa maana.”

Zilya alimtazama mumewe, udongo mpaka kwenye viwiko. Fanur alimwekea kidole mdomoni, akasogea sikioni mwake.

“Mwambie asimrudishe,” alinong'ona. “Mwambie ampe kazi. Kazi nyingi. Asimpe likizo kabisa.”

Zilya aliyarudia maneno hayo kwenye simu.

Zinnur akaangua kicheko. “Mmegombana nini nyinyi? Mbona hata mwenyewe kasema hivyohivyo. Kasema hapa ndipo kwake.”

Nyuma yake pampu zilikuwa zinapiga, mnyororo unalia. Watu walikuwa wanaita, wengi kwa pamoja, kwa haraka na kwa furaha, kama watu wanavyomwita mtu wanayemhitaji. Fanur! Fanur, njoo ushike!

Fanur, miguu ndani ya viazi, alifungua kinywa aitike. Kule kaskazini mwenzake akamwahi kuitika, kwa sauti ileile.