Saga Laini

Jumanne hiyo ya Julai, mwaka wa 2009, Edah alifungua kinu cha posho pale sokoni Kamukuywa kama alivyokifungua kwa miaka tisa. Alifagia unga wa jana, akamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, akaketi kwenye debe lililopinduliwa kungoja wateja. Hakuwa na haraka. Hakuna anayependa kuwa wa pili kinuni bila kumjua wa kwanza, kwa maana ndani ya kinu hubaki kibaba cha unga wa aliyetangulia, na kibaba hicho kitakutokea wewe. Ukimfuata mtu aliyesaga chakula cha ng'ombe, jioni utakula sahani moja na ng'ombe. Kwa hiyo kina mama walisimama nje na gorogoro zao, mikebe ya kupimia mahindi, wakichunguliana mahindi na kusukumana kwa adabu.

"Anza wewe, mama."

"Hapana, si wewe ulifika mbele yangu?"

Mwaka huo mahindi yalikuwa adimu. Njaa iliingia hata Trans-Nzoia, ambako watu wamezoea kuitazama njaa kwenye taarifa ya habari wakiwa wameshiba. Ndipo Mukhisa, mumewe Edah, akaona nafasi yake.

Saa nne aliirudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlangoni. Alitoka Kachibora na magunia ishirini, na kabla yeye hajashuka, harufu ilikuwa imeshashuka. Mahindi hayo yalilala chini ya paa linalovuja tangu mwaka uliopita. Edah alifungua gunia la kwanza. Yalikuwa yameshikana madonge, kijani kwa nje, meusi kwa ndani, na yalikuwa na joto la kitu kilicho hai. Alipotia mkono, kitu teketeke kikapasuka kati ya vidole vyake. Akaunusa mkono ule, kosa alilolijutia mpaka jioni. Ulinuka choo cha shule.

"Haya ni ya nguruwe," alisema.

"Hata nguruwe ataomba kwanza," Mukhisa akacheka. "Tunayaanika, tunachanganya na mazuri kidogo, tunasaga. Ugali ukiiva hauna harufu, mama Nasike."

"Unampelekea nani?"

Akamwambia. Alikuwa amepata zabuni ya kuipelekea unga shule moja ya bweni ya wasichana kule Endebess. Edah aliijua shule hiyo vizuri. Nasike, mtoto wao wa pekee, alikuwa kidato cha pili hapo hapo.

"Na Nasike?"

"Nitaongea na Mary Ann wa jikoni awe anampatia mkate. Si ni wiki mbili tu, bana."

Maneno hayo yalitoka kwenye kinywa cha mzee wa kanisa, mtu anayeshika kikapu cha sadaka kila Jumapili kwa mikono miwili. Watoto mia tatu wale uozo, wake ale mkate. Edah alimtazama mdomo ule ukicheka, akaona kinyaa ambacho hajawahi kumwonea mtu, sembuse mtu anayelala naye kitanda kimoja. Lakini aliyaanika mahindi juu ya turubali kama alivyoambiwa, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Alhamisi mahindi yalikuwa yamekauka. Mukhisa alikwenda Kitale kutafuta magunia mapya, maana uozo nao hupenda nguo safi, akamwachia Edah kazi ya kusaga. Saa saba mchana soko lilikuwa kimya, jua limesimama utosini, kila mtu amekwenda kula. Edah alisimama mbele ya kinu na debe la kwanza mikononi. Hakulimwaga. Alikuwa akimfikiria Nasike na sahani yake.

"Hodi."

Mwanamume alisimama mlangoni na mzigo kichwani. Hakuwa na ngata. Gunia lilikaa juu ya fuvu lenyewe, mahali palipong'aa bila unywele. Magoti yake yalikuwa manene kuliko mapaja. Alijifunga kipande cha blanketi, na chini ya blanketi, kwa ndani ya miguu yote miwili, kulikuwa na michirizi, mingine mikavu, mingine mibichi. Edah hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Pua ilimwambia. Kilichomshangaza ni nzi. Wote walikuwa kwenye mahindi ya Mukhisa. Kwa mtu huyu hakukuwa na hata mmoja.

"Saga laini, mama," alinong'ona.

Edah aliwasha mashine. Mtu akija na mahindi unasaga. Mikono yake haikujua jambo jingine. Akayamwaga mahindi ya mgeni, punje ndogondogo za rangi mchanganyiko, nusu yake chenga, kama zilizopondwa kwa mawe na mtu mwenye haraka. Unga ukatoka. Mgeni akaushika, akausugua kwa vidole viwili.

"Bado."

Edah akaurudisha kinuni. Ukatoka tena.

"Bado."

Mara ya tatu haukutoka unga. Ulitoka uji. Wa kijivu, wenye nyuzi za damu, wenye joto. Ulidondoka kwenye ndoo taratibu. Harufu yake ilikuwa ya tumbo la mtu. Edah aliinama, akatapika juu ya miguu yake mwenyewe.

"Hii ndiyo tuliyopewa," yule mtu akanong'ona. "Ilitukata matumbo."

Nyuma yake alisimama mwingine. Nyuma ya huyo, mwingine. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita vibanda vya mitumba, ikateremka mpaka darajani. Wote na mizigo kichwani. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyemwambia mwenzake aanze.

Mgeni akanyoosha kidevu kuelekea turubali la Mukhisa.

"Ile ni ya nani?"

Edah alitaka kusema ni ya nguruwe. Ulimi ulikataa.

"Ya watoto," alisema.

Mtu yule aligeuka akawatazama wenzake. Edah alizima mashine, na mlio ulipokufa mlango ulikuwa mtupu, jua linawaka, ng'ombe analia mahali fulani. Ndoo ilikuwa kavu. Lakini kifuko cha kitambaa kinachotolea unga kiliendelea kudondosha matone mpaka saa tisa.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, alikwenda kwa baba mkwe wake. Mzee Wakoli alikuwa na miaka themanini na mitano, na alikuwa anakula. Alimgeuzia Edah ubavu, kama desturi ya mkwe inavyotaka, akamsikiliza huku akitazama ukuta. Edah alipofika kwenye maneno "saga laini", mzee aliliacha tonge sahanini. Akanawa mikono. Akaendelea kuinawa muda mrefu baada ya kutakata.

"Walikuwa wangapi?"

"Sikuona mwisho, Baba."

"Baba yangu pia hakuuona." Alizungumza polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Hiyo ni Kariakor. Vita ya kwanza ya Wazungu. Walianza kuuana kwao, wakaona haitoshi, wakaja kuuana hapa kwetu na Mjerumani wa Tanganyika. Sasa nani abebe risasi? Nani abebe chakula? Wakakamata vijana huku, na Kavirondo yote, na Ukambani, na Ukikuyu. Bunduki hawakupewa. Walipewa mizigo."

"Na Khaemba?" Edah alimjua baba huyo wa mzee kwa jina tu, na kwa picha iliyoning'inia ukutani, amevaa koti.

"Khaemba alikuwa nyapara wa unga. Unga mzuri aliuuza kando. Wabebaji aliwapa chenga. Kuni hakuna, muda wa kupika hakuna, mtu anaimeza hivyo hivyo, mbichi, halafu anatembea siku nzima. Waliokufa kwa tumbo ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi, mama. Walikuwa wanakufa wakichuchumaa kando ya njia. Na wale wakubwa wa Kizungu hawakuuliza. Waliandika idadi tu, na hata idadi waliichoka, wakaacha." Akatema mate nje ya mlango. "Yeye akarudi na koti. Shamba hili unaloona limenunuliwa na matumbo ya watu."

"Wanataka nini sasa? Mbuzi?"

"Mbuzi wa nini? Wamekuuliza unga ni wa nani, ukawajibu." Mzee alifunga macho. "Sasa wanajua."

Usiku Edah alimsihi mumewe ayatupe mahindi yale. Alimsihi kwa jina la Nasike. Mukhisa alisema mzee amezeeka na yeye Edah ana malaria. Alfajiri ya Ijumaa alisaga mwenyewe, magunia yote, akashona midomo ya magunia mapya, akapakia. Saa mbili na nusu pikapu iliondoka kuelekea Endebess.

Edah alimpigia Mary Ann simu. "Dada yangu, baba Nasike akileta unga, usiupike. Nakuomba. Umeoza."

"Ati umeoza? Na ni wenu?"

"Ndio. Ni wetu."

Aibu ilimpanda Edah shingoni kama kiungulia. Kisha Mary Ann akasema ataweka maharagwe kwanza, aone.

Saa tano alipiga tena. Mukhisa hajafika. Saa sita hajafika. Saa saba wasichana walikula maharagwe matupu. Saa nane Mukhisa hapatikani. Saa tisa mtu alipiga simu kutoka njia ya Endebess, mbele kidogo ya Kitale: pikapu imeegeshwa vizuri kando ya barabara, injini inanguruma, mlango wazi. Nyuma hakuna hata gunia moja. Na kwenye tope la kando ya barabara kuna nyayo nyingi sana za watu waliokwenda pekupeku, na nyayo za mtu mmoja mwenye viatu.

Saa kumi na moja jioni Mukhisa alirudi nyumbani kwa miguu.

Edah hakumjua. Alijua shati, au vipande vyake. Asubuhi mumewe alikuwa amenyoa. Sasa alikuwa na ndevu mpaka kifuani, zenye mvi. Utosini hapakuwa na nywele, palikuwa na duara la ngozi ngumu, sugu kama kisigino. Vidole vya miguu vilikuwa vimeliwa na funza hadi vikapoteza umbo, na kutoka humo kulitoka usaha. Suruali ilikuwa imelowa kwa nyuma. Uvundo ulimtangulia hatua kumi. Edah alijiziba pua kwa leso kabla hajajua anafanya hivyo, na Mukhisa akaona.

"Mwingine akianguka," alinong'ona, "mzigo wake wananiwekea mimi."

"Umekuwa wapi, baba Nasike?"

"Mpaka Rufiji. Tukarudi. Tukaenda tena." Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Unga ni ule ule, Edah. Wangu. Kila siku nakula, hauishi."

Kule hospitali Bungoma, daktari kijana alimuuliza Edah mara tatu mgonjwa ameugua kwa muda gani. Tangu leo mchana, alijibu, na daktari akaandika kuwa mke wa mgonjwa amechanganyikiwa. Alisema miguu ile ni ya mtu aliyetembea miaka. Tumbo halikuzuilika. Walibadilisha shuka mpaka shuka zikaisha, wakamlaza juu ya plastiki. Siku ya tatu alikufa amechuchumaa, na ilibidi wanaume wawili wamnyooshe. Jeneza lilipigiliwa misumari hapo hapo kwa sababu ya harufu, hivyo Nasike alimzika baba yake bila kumwona.

Mwezi wa Oktoba, siku ya wazazi, Edah alikwenda Endebess na chapati na kuku. Walikula kwenye nyasi karibu na ua wa shule. Nasike alikuwa amenenepa, na Edah alimshukuru Mungu kwa kila tonge lililoingia kinywani mwake.

"Mama, kuna kitu sijawahi kukuambia," Nasike alisema. "Kulikuwa na mwendawazimu alikuja hapa kwa ua. Alikuwa na gunia kichwani na ndevu za mvi mpaka kifuani. Aliniita kwa jina."

Edah aliacha kutafuna.

"Alisema, 'Nasike, baba yako akileta unga, usile.' Akashika huo mti. Alikuwa analia. Sikumwambia Baba, niliona ataudhika."

Mti wa ua ulikuwa na alama tano za vidole, nyeupe, za unga. Mvua ya Endebess ilikuwa imeunyeshea kwa miezi. Edah aliilowesha leso, akazisugua. Zilibaki.

"Ilikuwa Julai?" aliuliza. "Ile Ijumaa?"

"Hapana, mama. Ilikuwa Mei, wiki ya kufungua shule. Nakumbuka kwa sababu Baba ndiye alinileta, na yule mtu alikuja Baba akiwa bado anaongea na mwalimu pale ofisini."

Edah alitazama kule ofisini, kisha akautazama mti.

"Ukamwambia nini?"

Nasike aliinamisha kichwa. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na jambo hilo lilimsumbua.

"Nilimtemea mate usoni," alisema. "Alikuwa ananuka, mama."