Mchanga Kwenye Mabomba ya Chuo

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo tu: bomba la bweni la wasichana lilitoa mchanga. Matroni, Mama Goodness, alikinga ndoo saa saba mchana, jua la Bariadi likiwaka hasa, akapata tope lenye harufu ya mto mkavu uliochimbwa. Akamwita Mihayo, fundi wa maji wa chuo.

"Chujio limeziba," Mihayo alisema. Bwana huyu hakukosa jibu.

Kesho yake, saa ileile, bomba likakwaruza. Haukuwa mlio wa hewa; fundi yeyote anaujua mlio wa hewa. Ulikuwa mlio wa kibuyu kikikomba maji chini ya kisima cha mchangani: kwaru, kwaru, kimya, kwaru. Mihayo alikua akiusikia tangu utotoni, kila siku ya Mungu. Akalifunga bomba haraka.

Nisimfichie aibu yake. Mwaka ule wa tisini na nne wafadhili walileta pampu mpya, na chuo kikapata maji ya kumwagilia hata maua ya mkuu, wakati watu wa kijiji jirani cha Nkololo wanafukua mchanga wa mto kwa mikono. Siku ya uzinduzi, mwanamke mmoja alifika getini na ndoo kichwani, kaniki imepauka, miguu vumbi tupu. Aliomba maji. Mkuu wa chuo akauliza ni nani. Mihayo, aliyekuwa amewaambia wote kwamba kazaliwa Mwanza mjini, akajibu, "Simfahamu, mkuu. Hawa wamezoea kuombaomba."

Kumbe ni mama yake mzazi, Ng'washi. Na kwao, hata mtu msiyejuana naye akikukuta kisimani, unamnywesha kwanza ndipo ujaze ndoo yako. Mama akageuka na ndoo yake tupu. Alirudi mtoni, na siku ya tatu kuta za kisima zikamporomokea. Mihayo alikwenda kumzika. Chuoni aliaga kwamba anafuata vipuri.

Basi wiki hiyo mambo yakazidi. Kila ikifika saa saba mabomba yote, la jikoni, la maabara, la bweni, yalikwaruza kwa pamoja, mchanga ukitoka una unyevu na joto la mwili wa mtu, na katikati ya kukwaruza huko ikaja sauti ya mwanamke, nzito, kama mdomo umejaa mchanga, ikiita polepole bila hasira yoyote, na huko kukosa hasira ndiko kulikotisha zaidi, "Mihayo... Mihayo ng'wanone, mwanangu... nina kiu," hata wasichana wakatupa ndoo na kukimbia, na Mama Goodness akabaki amemkazia fundi macho.

"Inakuita wewe," alinong'ona.

"Akina Mihayo wako wengi, Matroni."

"Hapa chuoni yupo mmoja."

Mkuu akatangaza kwamba maji yasipopatikana kufikia Ijumaa, chuo kinafungwa, wanafunzi mia tatu warudi makwao. Mihayo akaenda kwa mganga Milembe, akamweleza yote huku anatazama chini.

"Mayu, mama, nifukuzie hilo jini."

"Jini lingekuwa na dawa yake, baba. Huyu ni mzazi, ana mtoto. Nenda ukamtaje mbele ya walewale waliokusikia ukimkana."

"Mbele ya mkuu?"

"Kwani ulimkana chumbani?"

Alhamisi, saa saba, Mihayo alisimama kwenye bomba la uwanjani mbele ya chuo kizima.

"Yule mama aliyeomba maji," alisema, "ni mama yangu. Anaitwa Ng'washi. Mimi ni mtu wa Nkololo. Nilimwonea aibu."

Mkuu akainamia viatu vyake. Mama Goodness alikuwa analia.

Kukwaruza kukakoma. Bomba likakohoa, kisha maji yakatoka, safi, ya baridi, na wanafunzi wakashangilia. Mihayo akapiga magoti, akakinga viganja. Maji yakakatika. Akarudi nyuma hatua moja, yakatoka. Akasogea karibu tena, yakakatika, na ndani ya bomba kukasikika mtu akivuta pumzi taratibu, akingoja. Alijaribu mara ya tatu, yakakatika vilevile, macho yote yale yakimtazama.

Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Msichana wa mbele, Nyamizi, akamsemesha kwa adabu, bila kumtazama usoni.

"Samahani, fundi. Ungesogea mbali kidogo, tuchote."

Mihayo akasogea.