Kadi ya Bibi Eufemia

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwa Bibi Eufemia, jirani yetu hapa Palo Seco, California. Mama hurudi jioni kutoka kiwanda cha kupakia zabibu, kwa hiyo mchana nilishinda na bibi. Tulikaa nje kwenye ngazi zake, tukala tikiti maji, akanitania. "Yareli, hizo ni nywele au kiota?"

Mwezi wa tano Mwalimu Sandhu alituletea kazi ya shirika la umeme la mji. Alisema kila bili hukatwa kiasi kidogo cha kuwasaidia watu wapunguze matumizi ya umeme, na shirika lazima liieleze serikali ya jimbo jinsi linavyozitumia fedha hizo. Kila mwanafunzi alipewa nyumba kumi. Unaingia, unabadilisha taa za zamani, unajaza kadi. Swali la mwisho liliuliza kama mashine ya kupoza hewa inafanya kazi. Ambaye yake imekufa angefungiwa mpya bure. Darasa la kwanza kumaliza lingepelekwa kuogelea.

Siku ya mwisho nilibakiza nyumba moja, ya Bibi Eufemia. Jua lilikuwa kali, jamani, lami inanata kwenye viatu! Nereo, mwenzangu wa darasani, alinipigia kelele, "We kobe! Darasa zima linakungoja wewe!" Nilijua nikiingia kwa bibi sitoki upesi. Mashine yake sikuwahi kuisikia ikinguruma, lakini nilidhani anabana matumizi tu. Nikaweka alama kwenye NDIYO bila kubisha hodi, nikakimbia kuirudisha kadi. Tukaenda kuogelea, nikafurahi kama mjinga.

Mwezi wa saba joto likafika nyuzi arobaini na sita. Majirani wakafungiwa mashine mpya. Bibi akangoja, akangoja, mwisho akaenda ofisini. Alirudi ametota jasho, anatetemeka kwa hasira.

"Eti kadi yangu inasema mashine ni nzima! Imekufa tangu mwaka jana! Mwongo gani huyo aliyenijazia?"

Nilitazama chini. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Siku ya nne Mama alimkuta bibi sakafuni, ngozi inachoma, akiitwa haitiki. Gari la wagonjwa likamchukua. Sikula, sikulala. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa jimbo, Bi Quach, na rundo la kadi zetu, anapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha. Alibisha kwa Bibi Eufemia, kimya.

"Hayupo," nilisema. "Yuko hospitali. Kadi hiyo nilijaza mimi. Sikuingia ndani."

Alinitazama, kisha akaketi kwenye ngazi kama mtu aliyechoka. "Tangu asubuhi hii ni kadi ya uongo ya kumi na moja, mwanangu. Na shirika lilizipokea zote bila kuuliza, likatuandikia kwamba kazi imekwisha."

"Mtanifunga?"

"Wewe? Wenye kujibu ni wakubwa. Lakini umefanya vizuri kusema. Ungesema mapema ungefanya vizuri zaidi."

Ripoti ya shirika ilikataliwa, na likaamriwa kurudi katika kila nyumba. Wiki tatu baadaye mashine mpya ilifungwa kwa Bibi Eufemia, mbele ya kitanda kitupu.

Alirudi mwezi wa tisa. Nyumba ilikuwa baridi, safi. Nilimwamkia, akanitazama muda mrefu.

"Binti wa nani wewe?"

Daktari alisema joto lile lilimdhuru ubongo. Nilitoka nje nikalia kwa sauti. Mama alinifuata, akaketi kando yangu, nikamweleza yote.

"Sitakupiga," alisema. "Lakini sikia, Yareli. Wale wa ofisini hawakumjua Eufemia, walijua kadi tu. Wewe ulimjua. Ukipewa kumsemea mtu, unakwenda unamwona kwa macho yako, na ukikosea unasema siku hiyohiyo. Hofu yako ya siku nne ameilipia yeye."

"Nimesema kweli sasa, Mama. Mbona hajapona?"

"Kuna vitu haviponi, mwanangu. Nenda ndani ukamwambie jina lako."

Niliingia, nikamwambia. Akatabasamu, akasema ni jina zuri. Kesho yake akaniuliza tena.